Maksai Mwenye Neno Langu la Siri

Jumatatu, 12 Agosti 2019

Idd. Hardware yangu nimeifunga, mji umetulia, mimi na laptopu yangu tuko sebuleni hapa Kiwanjani. Siku nzuri ya utaalamu.

Wakati wa chai Nakolong, mke wangu, alinikumbusha kwamba sherehe ya kumuaga Wendy ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wendy ni binti yetu wa kwanza, anaolewa Meru na Gikunda. Kisha akaniuliza kama ile video ya marehemu baba yake bado ninayo. Ati bado ninayo! Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Video yenyewe ni Mzee Lokol akimbariki Wendy mwaka jana, wiki chache kabla hajatuacha. Nilirekodi mimi, Kinuthia, kwa mkono wangu. Hakuna mwingine aliyerekodi. Mama mkwe hajasikia sauti ya mumewe tangu afariki, na Wendy ameapa kwamba hatoki kwetu bila baraka ya babu yake. Kwa hivyo familia nzima inanitegemea. Si mara ya kwanza.

Mtu wa kawaida angeiacha video kama hiyo ndani ya simu, wezi waichezee. Mimi hapana. Mwezi wa tano, kabla sijamuuzia Dabaso aifoni yangu ya zamani, nilihamishia kila kitu kwenye laptopu na kuifunga ile nakala kwa neno la siri. Halafu nikaifuta simu ikabaki tupu. Nakolong alikuwa amenisihi nimtumie video kwa WhatsApp kwanza. Nikamweleza kwamba WhatsApp ni kama barabara kuu, kila mtu anapita. Usalama kwanza.

Leo nimechomeka simu mpya, nikabonyeza mahali pa kurejesha nakala. Laptopu ikaomba neno la siri. Vizuri sana! Kufuli inafanya kazi. Nikaandika neno la siri.

Si lenyewe.

Nikaandika lingine. Si lenyewe. Jina la kanisa. Namba ya pikapu. Siku aliyozaliwa Wendy. Jina la mbwa wetu aliyekufa, kwanza kwa herufi ndogo, kisha kwa kubwa, kwa heshima ya marehemu. Laptopu ilikataa yote bila hata kuomba radhi, mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Lakini lazima niseme ukweli: hilo ni neno la siri la hali ya juu. Hata mimi mwenyewe siwezi kulivunja.


Jumatano, 14 Agosti 2019

Mutembei alikuja dukani asubuhi na lile tabasamu lake. Ana kibanda cha fotokopi pembeni mwa hardware yangu, na kwa sababu ana projekta na spika, amejifanya ndiye MC, msema chochote wa sherehe. Akaniambia ameshaweka kwenye ratiba "Baraka ya Mzee Lokol", na anataka video mapema aijaribu.

Nikamwambia iko kwenye uhakiki. Akauliza uhakiki ni nini. Nikamwambia hawezi kuelewa.

Kumwambia ukweli haiwezekani. Mwaka jana nilipewa nafasi kanisani kufundisha usalama wa simu. Nilifundisha vizuri sana, hata mchungaji alisema ni somo refu. Na mfano wangu wa mtu mjinga ulikuwa Mutembei, ambaye ameandika neno lake la siri ukutani, juu ya mashine ya fotokopi. Kanisa zima lilimgeukia na kucheka. Sasa nimwendee huyo huyo nimwambie nimesahau langu? Afadhali nimeze msumari wa inchi sita.

Mchana Wendy alipita kuchukua rangi ya kucha niliyomfichia kaunta. Akanitazama machoni, akaniuliza: "Dad, umesahau password, si ndio?" Nikamweleza kwamba wataalamu hawasahau. Wanaweka kitu mbali. Akasema hatanikasirikia, ila nisimwache nyanya yake akae akingoja sauti ambayo haipo. Aliongea kwa upole. Ningependa zaidi angenifokea.

Lakini mungu wa wataalamu halali! Alasiri nimepata dawa kwenye mtandao. Inasema: ukisahau neno la siri la nakala, ingia ndani ya simu, rudisha mipangilio yote mwanzo, na neno la siri la zamani litaondoka. Nilisoma aya ya kwanza tu, ikatosha. Simu inayotakiwa bila shaka ni ile ya zamani, maana ndiyo iliyofanya nakala. Na simu ya zamani iko Garbatulla, mfukoni mwa Dabaso, mfanyabiashara wa mifugo.

Kesho natoka. Nakolong nimemwambia nakwenda kutafuta soko la mabati.


Alhamisi, 15 Agosti 2019

Barabara ya Garbatulla imenivunja kiuno na kioo kimoja cha pikapu. Haidhuru.

Dabaso alinipokea kwa salaam aleikum ndefu na nyama ya Idd iliyobaki, na maziwa ya ngamia. Akauliza mke, watoto, duka, mvua, barabara. Nikajibu yote nikiangalia mfuko wake wa shati. Hatimaye nikamwambia kwamba mimi si kama wauzaji wengine. Nikiuza simu, narudi kuikagua. Huduma baada ya mauzo! Alishangaa sana. Akasema hajawahi kuona Mkikuyu akisafiri mbali hivyo kutoa kitu bure.

Akanipa simu na namba yake ya kuifungulia bila wasiwasi. (Usalama sufuri. Nilitaka kumfundisha lakini wakati haukuwa.) Nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza, simu ikazima, ikawaka. Kazi imekwisha!

Dabaso akaichukua, akaishika mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali. Akauliza maandishi makubwa aliyowekewa na binti yake yameenda wapi, maana sasa hasomi kitu. Akauliza pia ngamia wake yuko wapi. Alikuwa ameweka picha ya ngamia wake bora mbele ya simu, sasa pameandikwa saa tu. Nikamwambia huo ni uboreshaji. Akasema, taratibu kabisa, kwamba alimpenda yule ngamia.

Niliagana naye haraka. Hata hivyo nimeendesha njia nzima nikiimba.


Ijumaa, 16 Agosti 2019

Laptopu bado inaomba neno la siri!

Nikarudi kwenye ile dawa ya mtandao, nikasoma aya ya pili. Inasema ukirudisha mipangilio mwanzo utaweza kufanya nakala mpya kwa neno la siri jipya. Lakini nakala za zamani zitabaki zimefungwa kwa neno lile lile la zamani, na bila neno hilo hazifunguki. Kwa mtu yeyote. Milele.

Sasa nani huyo anayeweka jambo muhimu kwenye aya ya pili? Hakuna anayesoma aya ya pili! Mimi ningekuwa mwandishi ningeanza nayo.

Dabaso amepiga simu mara kadhaa. Sijapokea. Nadhani anataka kunishukuru.

Mama mkwe amefika leo kutoka Ngare Mara na kifurushi chake cha nguo. Atakaa nasi mpaka baada ya sherehe. Nilimsalimu kwa mbali, nikitazama chini, kama inavyotakiwa. Nakolong anasema swali lake la kwanza alipoingia ndani lilikuwa kama sauti ya mzee itasikika vizuri mpaka nyuma, kwa wenye masikio mabovu kama yeye. Nikaenda kupanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa.


Jumamosi, 17 Agosti 2019

Kikao cha kamati ya harusi, nyumbani kwangu. Nilikaa kiti cha mwenyekiti, ingawa mwenyekiti ni shangazi yake Nakolong. Sherehe itaanza asubuhi mapema kwa sababu siku hiyo jioni ni sensa, na serikali imesema kila mtu awe kwake ahesabiwe.

Ilipofika zamu ya kuahidi vitu, Mutembei akasimama akakohoa. Akatoa projekta bure, spika bure, na beberu mkubwa. Makofi! Wanawake wakapiga vigelegele. Beberu tu! Na akaketi polepole ili makofi yasikatike.

Damu ikanipanda. Mimi ni nani katika ukoo huu? Nilipomaliza mambo ya mahari, watu wote wa Ngare Mara, Waturkana wa kwao Nakolong, walikuwa wananiita mtu wa misumari. Mzee Lokol peke yake alisimama akasema mwanamume asiye na maksai wake wa kujivunia hana jina, akanichagulia mmoja kutoka zizi lake, mwenye madoa kama twiga, akaniita Apalokori, yaani baba wa huyo mwenye madoa. Wakikuyu wangapi wana jina kama hilo? Nililia siku ile, na si kwa moshi. Maksai anachungwa na Etabo, shemeji yangu, na mimi jina nimelibeba mpaka kwenye risiti za duka.

Basi nikasimama. Nikasema binti wa Apalokori haagwi kwa beberu. Achinjwe maksai wangu mwenyewe, Lokori, ambaye sasa amezeeka na anastahili heshima hiyo.

Vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Etabo alifuta machozi. Mutembei alipiga makofi kwa vidole viwili. Siku njema kuliko zote mwezi huu!


Jumanne, 20 Agosti 2019

NIMEKUMBUKA!

Mteja mmoja alitaka rangi ya ukuta. Dukani kwangu sitegemei majina ya kigeni ya kwenye mikebe. Nimechora ubao wa rangi na kuzipa majina yangu: Maziwa, Mchanga, Kahawa, Tofali, Majivu, Lami. Watu wanatoka hata Kinna kuja kuusoma. Mteja akanyoosha kidole kwenye Maziwa, na mimi nikasikia kitu kikifunguka kichwani.

Neno la siri ni maksai wangu! Mwezi wa tano nilikaa nikayaandika madoa yake kwa majina ya ubao wangu, kutoka puani mpaka mkiani, ubavu wa kushoto, yote yakiwa yameshikana. Hakuna mwizi duniani angebuni. Huwa najishangaa.

Inaanza na Maziwa, maana pua yake ni nyeupe. Inaishia na Lami, ile ncha ya mkia. Katikati ni madoa. Nikakimbilia laptopu. Maziwa, Kahawa, Mchanga, Lami. Hapana. Maziwa, Majivu, Kahawa, Lami. Hapana. Nikajaribu mpaka wateja wakajihudumia wenyewe.

Si neno. Nitaangalia picha za maksai, basi. Picha zake zote ziko... ndani ya nakala iliyofungwa.

Si neno pia. Nitamwendea mwenyewe nimsome.

Halafu nikakumbuka nilichoahidi Jumamosi.


Jumatano, 21 Agosti 2019

Sikumpata. Pale Ngare Mara nimeambiwa Etabo amehamisha ng'ombe mbali kutafuta majani, ukame huu si mchezo. Ataleta maksai Ijumaa.

Nilipanda kilima, nikapata mtandao, nikampigia. Nikaanza kwa ujanja: habari ya majani, habari ya maji, na habari ya Lokori, anaonekanaje siku hizi? Akasema amenenepa. Nikamuuliza, kwa mzaha tu, bado ana rangi zile zile? Akasema ana rangi ya kilokori. Nikasema ndiyo, lakini kwa mpangilio, tuseme ukianzia shingoni ubavu wa kushoto?

Etabo akauliza, polepole, kama nimesahau sura ya maksai wangu.

Nilitoka jasho hapo hapo kilimani. Kwa watu hawa, mwanamume anayesahau sura ya maksai wake ni kama aliyesahau jina la mama yake. Jina langu lote lingerudi kuwa Mtu wa Misumari. Nikamwambia nilikuwa nampima yeye. Akacheka sana, akasema Apalokori, wewe huishi vituko.

Mutembei leo ameuliza uhakiki umefika wapi. Nikamwambia umefika katikati. Sikudanganya.


Ijumaa, 23 Agosti 2019

Niliamka kabla ya wote, nikaenda Ngare Mara na kalamu mfukoni na kipande cha karatasi. Mpango ulikuwa rahisi: nimpokee maksai, nimzunguke kama mtu anayemuaga, nisome ubavu wa kushoto, nirudi nyumbani mshindi.

Nikamkuta Etabo ananawa mikono.

Amemchinja alfajiri! Anasema mnyama alikuwa amechoka na safari, na hakutaka nione akianguka, maana anajua ninavyompenda. Alifanya kwa ajili yangu. Akanishika bega kwa muda mrefu. Mimi nikauliza ngozi iko wapi. Akaniona mtu wa ajabu, lakini akajibu: ngozi na nyama vimeshapelekwa kwako kwa pikapu ya kanisa, tumepishana njiani.

Nimerudi mbio. Ni kweli ngozi iko nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai. Imetandazwa chini, upande wa manyoya chini kabisa, na juu yake zimepangwa nyama zote. Na pembeni yake, juu ya kigoda, kisu mkononi, ameketi mama mkwe.

Kwetu Wakikuyu na kwao Waturkana tunatofautiana mambo mengi, lakini katika hili tumekubaliana kabisa: mwanamume hamsogelei mama mkwe wake, wala hamkodolei macho, sembuse kujilaza miguuni pake. Nilipita mara moja kwa mbali nikajifanya naangalia paa. Nikapita mara ya pili. Nakolong akatoka jikoni akaniuliza paa lina nini. Nikamwambia naona fahari ya kuwa na paa.

Mama mkwe hajaondoka pale. Anasema mbwa wa mji hawana adabu.


Jumamosi, 24 Agosti 2019

Naandika nikiwa nimeoga mara mbili na bado nanuka ng'ombe. Niandike yote kwa mpangilio.

Wageni walijaa kabla ya jua kuwa kali. Gikunda na watu wake walifika kutoka Meru na suti zao. Mutembei alikamata maikrofoni kama aliyeizaa. Akasoma ratiba kwa sauti: maombi, chakula, kisha Baraka ya Mzee Lokol, italetwa kwetu na Bwana Kinuthia, mtaalamu wetu wa usalama. Alisema "usalama" akinitazama.

Hapakuwa na njia nyingine. Nikapiga moyo konde. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamgeuzia mama mkwe mgongo, nikarudi kinyumenyume kwa heshima mpaka nikagusa ngozi kwa kisigino. Nikapiga magoti. Nikainua ukingo. Ngozi mbichi yenye mbavu juu yake ni nzito kuliko mfuko wa saruji! Nikaingiza kichwa. Giza. Nikaingiza mabega. Nikawasha tochi ya simu.

Na huyo hapo. Lokori wangu. Nikayasoma madoa yake kutoka shingoni: Tofali. Majivu. Halafu Tofali tena! Tofali mara mbili, nani angebuni hilo? Kisha Kahawa, mpaka mkiani. Nilimpapasa. Nilikuwa nimemsahau kabisa jinsi alivyokuwa mzuri.

Nilipotoa kichwa, sehemu kubwa ya sherehe ilikuwa imekuja kunitazama. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa shuka. Gikunda alikuwa amemwinamia Wendy anamuuliza kitu. Mutembei akauliza kwenye maikrofoni baba wa bibi harusi anatafuta nini chini ya ngozi. Nikasimama, nikapangusa damu shavuni, nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba nilikuwa namuaga maksai wangu. Etabo akalia waziwazi. Wazee wa Ngare Mara wakatikisa vichwa kwa heshima. Hivyo ndivyo mtaalamu hutoka kwenye shida.

Mbio kwa laptopu. MaziwaTofaliMajivuTofaliKahawaLami.

IKAFUNGUKA!

Nakala ilirejeshwa kwenye simu pole pole, Mutembei akajaza muda kwa vichekesho vyake vyote viwili. Hatimaye nikachomeka waya kwenye projekta mbele ya watu wote. Video ikaanza.

Ilikuwa uso wangu.

Inaonekana siku ile kamera ilikuwa imegeuka kunitazama mimi. Picha nzima ni mimi kuanzia kidevuni kwenda juu, pua mbele, nikitabasamu kwa kujiamini. Wageni wakaangua kicheko. Mutembei alishika nguzo ya hema asianguke. Nikatafuta shimo la kuingia.

Halafu sauti ya mzee ikatoka kwenye spika. Ile sauti yake ya mchanga. Akiuliza kwa Kiturkana, kama wazee wanavyobariki, na watu hujibu: Mvua ipo?

Kicheko kikakatika. Sauti ikauliza tena: Mvua ipo?

Mama mkwe akajibu peke yake, kutoka nyuma ya nyumba: Ipo.

Maziwa yapo? Sasa wakajibu wengi: Yapo! Njia ya mtoto wetu ipo? Ipo! Nyumba anayokwenda ina moto? Inao! Hata watu wa Meru wakajibu, na hawajui neno. Wendy alikuwa ameenda kumleta nyanya yake mbele, wote wawili wanalia na kujibu, wanalia na kujibu.

Kisha mzee akasema kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Akasema: na huyu Apalokori anayenishikia simu, aliyemleta mtoto huyu duniani, maksai wake yupo?

Watu wakiwa na mifupa mikononi na mafuta midomoni wakaitikia kwa sauti moja: Yupo!

Nilitoka nje kidogo. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi.

Jioni karani wa sensa alipofika, Wendy alihesabiwa hapa kwangu kwa mara ya mwisho. Nilimuuliza karani kama ile tableti yake ina neno la siri gumu. Akasema sio kazi yangu. Nimemsikitikia.


Jumatatu, 26 Agosti 2019

Sifa hazijaisha. Watu wanapita dukani kuniuliza nilijuaje kumuaga maksai kwa njia ya kale namna ile. Nawaambia ni mambo ya ndani. Etabo ameniahidi ndama wa kunitunzia jina, mwenye madoa mengi zaidi. Hata Mutembei amekuja, akaomba nakala ya video aiweke kwake isipotee. Aiweke kwake! Juu ya ukuta, pengine.

Nilimkataa, kwa sababu kazi hiyo nilishaifanya jana. Nimeirudisha video kwenye laptopu, nikaifunga tena, nikaifuta kwenye simu maana simu huibiwa. Na neno la siri nimelibadilisha. Lile la kwanza sasa limezoeleka, na watu waliniona nikilisoma. Safari hii nimetumia ubavu wa kulia! Ngozi si iko hapo nyuma ya nyumba? Mama mkwe mwenyewe aliigeuza jana, manyoya juu, akaiwamba kwa vigingi. Nikaenda nikaisoma bila kuinama. Neno la siri liko juani, kila mtu analiona na hakuna anayelijua. Nikiwaza hilo, nacheka peke yangu.

Leo alasiri nikaenda kulipitia tena, kujiburudisha tu. Nikamkuta mama mkwe ameinama na kisu chake. Anatengeneza ngozi iwe ya kulalia, zawadi ya Wendy ya kwenda nayo Meru. Amekwangua manyoya yote. Yote! Ngozi imekuwa rangi moja kutoka shingoni hadi mkiani. Manyoya yalikuwa yanapeperuka kuelekea kwa Mutembei.

Haidhuru. Liko kichwani.

Kitu kinachonisikitisha ni Nakolong. Kumbe Jumamosi, spika zilipokuwa zinaita, aliinua ile kabambe yake, kisimu cha bei rahisi, na kurekodi sauti. Sasa yeye na mama yake wanakaa mlangoni kila jioni wanaisikiliza. Inakwaruza, watu wanakohoa ndani yake, na wanajibu "ipo" wakimenya viazi. Jana wamemtumia Wendy. Nimemwambia simu hiyo haina ulinzi wowote, mtu yeyote anaweza kuifungua. Akanijibu kwamba ndiyo maana inafunguka.

Nikamwacha. Si kila mtu amejaliwa utaalamu. Mimi yangu iko salama kabisa, na kesho nitakaa chini niliandike lile neno kwa utulivu. Mwanzo nina uhakika nao, Maziwa. Na mwisho pia, Lami.